Amplifaya nyepesi ya besi kwa mpigaji wa Nyanda za Juu Kusini

Mpiga besi anayeishi Uyole na kupokea kazi za Tukuyu, Makambako na Njombe hawezi kununua amplifaya kwa macho ya mtu wa studio. Chombo chake kitapanda bajaji alfajiri, kitasukumwa nyuma ya Coaster pamoja na magunia ya viazi, kitashushwa na konda mwenye haraka, na jioni kitatakiwa kutoa sauti safi mbele ya ukumbi uliojaa.

Mimi napiga besi kwenye kwaya Jumapili na kwenye bendi ya harusi Jumamosi. Sina gari na mzigo wangu naubeba mwenyewe. Nilipokuwa na amplifaya ya zamani, kila kazi ya nje ya Mbeya mjini ilinilazimu kukodi pikapu, na sehemu kubwa ya malipo ikabaki kwa dereva. Sasa gitaa linakaa mgongoni, amplifaya kwenye mkoba, boksi la spika mkononi, na nakata tiketi moja tu. Kwa hiyo ninapoandika juu ya uzito ninaandika juu ya kipato. Lakini wepesi peke yake haukulipi. Jambo ninalotaka ulishike kabla ya mengine ni kwamba fedha yako nyingi iende kwenye spika na boksi lake, na ile namba kubwa ya wati iliyoandikwa mbele ya amplifaya iwe jambo la pili.

Uzito ulikwenda wapi

Ampeg SVT iliyotoka mwaka 1969 ilitoa wati 300 kwa valvu. Hedi yake peke yake, yaani amplifaya bila boksi la spika, ilizidi kilo 35, na boksi la spika 8 za inchi 10 linalotengenezwa kwa ajili yake mpaka leo linazidi kilo 60. Leo hedi ya wati 500 kama Little Mark III ya Markbass, kampuni ya Italia, haifiki kilo 3. Trace Elliot ELF inatoa wati 200 kwenye omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika, nitakifikia) na haifiki hata kilo 1.

Vitu vitatu vimebadilika. Cha kwanza ni transfoma. Umeme wa ukutani unageuka mara 50 kwa sekunde, na kwa mwendo huo wa taratibu transfoma ya nguvu kubwa inahitaji chuma kingi. Amplifaya za sasa zinaugeuza umeme huo ndani yake makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, ndipo transfoma ndogo inatosha kwa kazi ileile. Cha pili ni mtindo wa klasi D. Transista zake zinawaka kabisa au kuzima kabisa, hazikai katikati zikichoma umeme bure, hivyo joto linapungua na yale mapezi mazito ya alumini hayahitajiki tena. Cha tatu ni sumaku ya spika. Sumaku ya neodimiamu ina nguvu kuliko ya feraiti ya uzito uleule, kwa hiyo spika ya inchi 12 inaweza kupungua kilo kadhaa bila kupoteza nguvu.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoiondoa besi. Anayesema amplifaya nyepesi haina besi, mara nyingi aliisikia ikiwa imefungwa kwenye boksi bovu.

Wati, na kile wati zisichokwambia

Kijana wa kwaya ya jirani alinifuata baada ya ibada akiwa na masikitiko ya kweli. "Shikamoo dada. Amplifaya yangu imeandikwa wati 2,000, lakini ngoma zikianza tu besi haisikiki."

"Marahaba mdogo wangu. Inapiga spika gani?"

"Spika moja ya inchi 8, ya kinanda."

Jibu lilikuwa hapo. Kamba ya E ya besi inatetemeka mara 41 kwa sekunde, na kwenye besi ya kamba tano ile B ya chini ni mara 31 hivi. Ili sikio lipate sauti ya chini namna hiyo, koni ya spika lazima isukume hewa nyingi. Boksi dogo, besi ya chini kabisa, na sauti kubwa ni vitu vitatu visivyokaa pamoja. Utapata viwili, cha tatu utakikosa, na hakuna amplifaya itakayobadilisha hilo.

Wati nazo zinapanda taratibu kuliko watu wanavyodhani. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, badiliko ambalo watu wa viti vya nyuma wataligundua kwa shida. Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili unahitaji wati karibu mara 10. Kwa upande mwingine, tafuta kwenye karatasi ya boksi la spika namba ya desibeli kwa wati 1 kwenye umbali wa mita 1. Boksi lenye desibeli 100 linakupa kwa wati 100 sauti ambayo lenye desibeli 94 litakupa kwa wati 400. Ndiyo maana nasema spika kwanza.

Unapolinganisha wati, linganisha zile zilizoandikwa RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, na omu zake pembeni. Wati 5,000 zilizochapwa kwa rangi ya dhahabu kwenye spika za barabarani hazina maana kwako mpaka uambiwe ni RMS ngapi.

Kwa bendi yenye ngoma na gitaa mbili, ushauri wangu ni hedi ya wati 300 hadi 500 kwenye omu 4, na maboksi mawili madogo, kila moja spika moja ya inchi 12 na omu 8. Boksi la namna hiyo lenye sumaku ya neodimiamu huwa kati ya kilo 11 na 16, mtu mmoja analinyanyua. Kanisani naenda na moja. Harusi yenye ukumbi mkubwa, au mkutano wa uwanjani, naenda na mawili, na la pili namkabidhi mpiga ngoma, maana yeye hupelekwa na gari la bendi. Napenda mpango huu kuliko boksi moja kubwa la spika 4, kwa sababu unabeba kile tu kazi inachodai.

Ukitaka kila kitu kiwe pamoja, kombo ni njia nzuri. Fender Rumble 100 ina spika ya inchi 12 na uzito wa kilo 10 hivi. Kwa mazoezi, kwaya ndogo na baa tulivu inatosha. Rumble 500 ina spika 2 za inchi 10 na uzito wa kilo 17 hivi. Ikiwa peke yake inatoa wati 350. Ukiiongezea boksi la nje la omu 8, inafika 500. Hapo ndipo hesabu ya omu inapoanza.

Omu

Maboksi mawili ya omu 8 yakifungwa pamoja kwa kawaida yanakuwa omu 4, na amplifaya inatoa nguvu zake zote. Mawili ya omu 4 yanakuwa omu 2. La omu 8 na la omu 4 yanakuwa chini kidogo ya omu 3. Geuza hedi yako usome nyuma karibu na matundu ya spika, utakuta imeandikwa kiwango cha chini kabisa. Nyingi zinasema omu 4, chache zinafika 2. Ukishuka chini ya hapo, hedi itajizima ikichemka, na ikizoea mchezo huo ipo siku haitawaka. Kwa hiyo boksi la kwanza nunua la omu 8, hata kama muuzaji anakusifia la omu 4 kwamba lina sauti zaidi. Ni kweli, lina sauti zaidi likiwa peke yake, lakini limekufungia mlango wa kuongeza la pili.

Waya wa kutoka hedi kwenda kwenye boksi ni waya wa spika, mnene, wenye nyuzi mbili nene sawasawa, na ukiweza uwe na vichwa vya SpeakON vinavyozungushwa na kujifunga. Waya wa gitaa una uzi mwembamba katikati na wavu juu yake. Ukiutumia kwa spika unapata moto na unapoteza nguvu. Hedi nyingi za klasi D zina kitu kingine cha kuheshimu. Kwenye tundu la spika, nyaya zote mbili zina mawimbi ya umeme, hakuna ulio kama ethi. Usiunganishe tundu hilo na miksa, wala DI boksi (kile kisanduku cha kupeleka sauti ya gitaa kwenye miksa), wala amplifaya nyingine. Njia ya kwenda kwenye miksa ni tundu la DI tu.

Umeme wa huku kwetu

Vyombo vingi vilivyotumika vinatoka Japani, ambako umeme ni volti 100, au Marekani, volti 120. Sisi tunatumia volti 230. Kabla ya kutoa fedha, soma kibao cha nyuma. Kikiandikwa 100–240V, chomeka bila wasiwasi. Kukiwa na swichi ya 115/230, hakikisha imegeuzwa, na itie tepu nyeusi ya umeme ili isiguswe. Ikiandikwa 120V tu, iache. Utalazimika kubeba transfoma ya kushusha umeme, na ule wepesi ulioununua umeurudisha dukani.

Kijijini mwisho wa laini, umeme wa jioni unaweza kushuka sana kila mtu akiwasha taa na pasi. Hedi ya 100–240V inastahimili hali hiyo vizuri, na hii ni faida moja kubwa ya amplifaya hizi kwetu ambayo sijaona watu wakiisifia vya kutosha. Nyingine zinahitaji stebilaiza. Mimi nina mita ndogo ya umeme kwenye mkoba na napima soketi kabla ya kuchomeka chochote. Kama ni jenereta, ngoja iwashwe na itulie ndipo uwashe amplifaya. Na kabla haijazimwa, zima yako kwanza. Mwombe mwenye jenereta akuambie anapotaka kujaza mafuta.

Harusini ugomvi mkubwa ni ekstensheni. Mpambaji anachomeka taa zake za rangi, mtu wa fataki za ukumbini anachomeka mashine zake, mwenye popcorn naye anatafuta nafasi, wote kwenye waya mmoja na besi yako. Matokeo yake ni mngurumo, au umeme kukatika maharusi wakiingia. Fika mapema, tafuta soketi ile ambayo fundi mitambo anachukulia umeme wa miksa, na uombe nafasi hapohapo. Ukitumia chanzo kimoja cha umeme na miksa, mngurumo mwingi unaisha wenyewe.

Ukibaki, bonyeza kitufe cha GROUND LIFT karibu na tundu la DI. Usikate wala usiruke ile pini ya ethi kwenye plagi, hata fundi gani akikuambia ndiyo dawa. Mngurumo utaisha, lakini chombo kikipata hitilafu umeme utapita kwenye kamba za gitaa na mikononi mwako, na ukigusa maikrofoni kwa midomo hali inakuwa mbaya zaidi. Watu wamekufa jukwaani kwa jambo hili.

Baridi, joto na vumbi

Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000, na uwanda wa Kitulo unapita 2,500. Hewa ya juu ni nyembamba na hubeba joto kidogo, kwa hiyo feni ya amplifaya inafanya kazi zaidi hata kama wewe unasikia baridi. Iachie nafasi pande zote, isikae juu ya mto wala kufunikwa kitenge cha mapambo. Wapambaji wanapenda kufunika vyombo ili picha zipendeze. Waombe wafunike boksi kwa mbele chini, waache hedi ipumue.

Kuna hatari nyingine ya miezi ya Juni na Julai. Hedi ikikaa nyuma ya pikapu usiku kutoka Makambako hadi Njombe inakuwa baridi kama chuma cha geti. Ukiiingiza ukumbini penye watu wengi na mvuke wa chakula, unyevu unatua juu yake na ndani yake pia. Iguse kwa kiganja. Kama inaacha maji mkononi, ifungue kutoka kwenye mkoba, iache ipate joto la chumba mpaka ikauke, halafu uiwashe. Tukuyu tatizo ni mvua. Funga mkoba kwa nailoni njiani na uivue nailoni yote kabla ya kuwasha. Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, umeshuka mpaka mita 500 hivi, joto na unyevu ni vya aina yake, ila hewa ni nzito na feni inapoza vizuri. Na Usangu wakati wa kiangazi ni vumbi. Feni inalinyonya lote. Baada ya kazi za huko pitisha brashi laini kwenye matundu yake.

Kuiweka mahali na kuitafutia sauti

Weka boksi sakafuni karibu na ukuta, besi inaongezeka. Liweke kwenye kona, inaongezeka tena. Kwenye ukumbi wa saruji wenye paa la bati hicho ndicho unachokikimbia, maana ukumbi wenyewe tayari unavuma. Uwanjani pasipo kuta, hapo ndipo unapoutafuta ukuta wowote ulio karibu, hata ubavu wa lori.

Jukwaa la mbao lenye uwazi chini linageuka ngoma. Dawa yangu ni kreti la soda. Waombe wahudumu kreti tupu, ligeuze, weka boksi juu yake. Limeachana na mbao, na spika imepanda kutoka magotini kuelekea masikioni. Utajisikia bila kuongeza sauti, na mwimbaji aliye mbele yako atakushukuru.

Kuweka nguvu ya kuingia, fuata utaratibu huu. Shusha kila kitu, acha ekwalaiza katikati. Piga kamba ya E kwa nguvu kuliko utakavyopiga usiku kucha, ukipandisha GAIN mpaka taa ya hatari imulike. Rudisha kidogo. Sasa pandisha MASTER mpaka ulingane na ngoma. Besi yenye betri ya volti 9 ndani ina nguvu zaidi. Kama hedi ina kitufe cha kuipunguza, kibonyeze. Na badilisha hiyo betri kabla ya msimu wa harusi, usingoje ianze kukwaruza.

Baada ya hapo ekwalaiza. Mpigaji ambaye hajisikii hukimbilia kitasa cha BASS, na hapo ndipo ukumbi mzima unakuwa uji. Jaribu kinyume chake. Shusha kidogo eneo la Hz 200 hadi 300 (Hz ni mitetemo kwa sekunde), pandisha kidogo 500 hadi 800, na vidole vyako vitajitokeza katikati ya ngoma na gitaa. Seben ikiingia na noti zikaenda mbio, ni hiyo katikati inayomfanya msikilizaji azisikie moja moja. Hedi ikiwa na kichujio cha sauti za chini kabisa, kiweke kwenye Hz 35 au 40. Chini ya hapo spika ndogo inatikisika bila kutoa muziki, na inachosha amplifaya.

Halafu tembea. Chukua waya mrefu, au mpe mwenzako gitaa apige, uende ukumbini. Wimbi la E ya chini lina urefu unaozidi mita 8. Linagonga ukuta na kurudi, na kuna mahali mawimbi yanajumlishana na mahali yanafutana. Nikiwa nimesimama kwenye meza za wazazi wa bibi harusi, napiga noti zote za kamba ya E na A moja moja kwa nguvu ileile. Mara nyingi kuna noti moja, labda G au A, inayoruka juu ya wenzake na kutikisa glasi. Hiyo ni ya ukumbi, haimo kwenye gitaa. Ishushe kwa ekwalaiza, au ukumbuke kuipiga kwa upole usiku huo.

Kwa wapigaji wa kwaya kuna neno moja zaidi. Mpiga kinanda ana mkono wa kushoto, na mkono huo unapenda kupiga besi. Besi mbili zisizopatana hata kwa sehemu ndogo ya toni zinatia matope ambayo hakuna amplifaya itakayoyasafisha. Zungumza naye mapema, kwa heshima, mkubaliane kwamba wewe ukiwepo mkono wake wa kushoto unapanda juu au unapumzika. Katika kwaya niliyomo, makubaliano hayo yalisaidia besi kuliko kifaa chochote tulichonunua.

Wewe na fundi mitambo

Uliza kabla ya siku yenyewe: mitambo ina sabu, yaani spika kubwa za sauti za chini? Ikiwa nazo, amplifaya yako ni ya kukusikilizisha wewe na wenzako jukwaani, na watu watasikia besi kupitia sabu. Toa waya wa XLR, ule wa maikrofoni wenye pini tatu, kutoka tundu la DI. Mpe fundi sauti ya PRE, yaani kabla ya ekwalaiza yako, ili ukirekebisha sauti ya jukwaani usimharibie ya ukumbini. Kisha shusha amplifaya yako kuliko moyo unavyotaka. Fundi hawezi kupunguza kile kinachotoka nyuma yako, anaweza kuongeza tu.

Lakini kazi nyingi za vijijini, Ileje au Ludewa, utakuta spika mbili juu ya stendi zilizokuja kwa ajili ya maikrofoni. Usizitumie kwa besi. Koni zake zitapigana na sauti ya mwimbaji na zote mbili zitachafuka. Hapo beba maboksi mawili, yasimamishe moja juu ya jingine, na besi yote itoke kwako.

Kununua kilichotumika

Nenda na gitaa lako na waya wako. Washa, iache ipige kwa nguvu ya kati kwa dakika 20 au zaidi, kwa sababu hitilafu nyingi za amplifaya hizi zinajitokeza zikipata joto. Zungusha vitasa vyote ukisikiliza mikwaruzo. Sikiliza feni: ikiyumba au ikilia, utalipa feni mpya. Nusa matundu ya nyuma; harufu ya kuungua haijifichi.

Kisha boksi. Toa wavu wa mbele kama unatoka. Weka vidole vya mikono miwili kandokando ya katikati ya koni, bonyeza taratibu na sawasawa, uachie. Inatakiwa iende na kurudi kimya. Ukisikia au kuhisi msuguano, hata mdogo wa mchanga, koili imepinda au imeungua. Piga E ya chini polepole, halafu kromatiki mpaka juu, ukitafuta mtetemo wa skrubu zilizolegea. Skrubu si kasoro, barabara zetu zinazilegeza zote. Bisibisi ikae kwenye mkoba wako daima.

Jambo la ukarabati nalisema bila kulificha, kwa sababu ndio udhaifu halisi wa amplifaya nyepesi. Mafundi wetu wa Mwanjelwa wanazijua zile za transfoma nzito na wanazifufua kwa sehemu wanazozipata mtaani. Hizi mpya zina bodi zenye vipande vidogo vilivyobandikwa kwa mashine, na ikiharibika sehemu ya nguvu kwa kawaida hubadilishwa bodi nzima, inayoagizwa kutoka nje. Kwa hiyo chagua modeli inayouzwa kwa wingi na kampuni inayoendelea kuitengeneza, hata kama ile adimu ina sauti tamu zaidi.

Na usitoke nyumbani bila njia ya pili. Mimi nabeba pedali ndogo ya priamp, inayoandaa sauti ya gitaa kabla ya kwenda kwenye miksa, yenye tundu la DI na inayokubali betri. Hedi ikiwasha taa ya PROTECT, yaani imejizima ili kujilinda, katikati ya wimbo, shusha MASTER, ichomoe, angalia waya wa spika na hesabu ya omu, ngoja dakika chache, iwashe tena. Isipokubali, usiendelee kuilazimisha mbele ya wageni. Chomeka gitaa kwenye pedali, pedali kwenye miksa, mwombe fundi akupe besi kwenye monita ya mpiga ngoma, na uhamie upande wa ngoma ili wewe naye mtumie spika moja mpaka shughuli iishe.